Blogu Haikamuliwi

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Ukikaidi, ilikuwa faini isiyopungua milioni 5 au jela miezi isiyopungua 12, au vyote viwili ukibahatika.

Hapa kwetu Masieda mtandao naufuata juu ya kichuguu, simu mkono huu, fimbo ya kuchungia mkono ule. Kwenye blogu yangu nilikuwa nafundisha watu kutengeneza tovuti, bure. Wasomaji saba, mmoja ni mimi mwenyewe kwa simu ya shemeji. Nikamweleza mama habari ya ada. Akauliza, “Hiyo blogu inakamuliwa saa ngapi?”

Ng'ombe wote wapo zizini. Blogu ndiyo haipo.