Nusu ya Kichwa, Nusu ya Mkia

Likizo kubwa ikifika, wazazi wa mtaa wetu hapa Baraka hukumbuka ghafla kwamba nilisoma hesabu. Julai haijakolea, baraza limeshajaa watoto wa darasa la saba na la nane, kila mmoja na kalamu isiyo na wino na ujumbe wa nyumbani: "Mama amesema unifundishe sehemu, na nikisumbua unipige." Kupiga sipigi. Sehemu ndizo zinazonipiga mimi.

Vitabu vyao huanza na keki ya duara. Keki ya duara hapa ni mambo ya harusi, kwa hiyo nilinunua mukeke mmoja mnono kutoka ziwani, nikaukata katikati mbele ya darasa. "Hii nusu, na hii nusu."

Binti mmoja, ambaye mama yake huuza samaki, akainua mkono. "Mwalimu, hiyo ya kichwa ni ya baba. Hii ya mkia ni yetu sisi watoto. Zitakuwaje sawa?"

Baraza likalipuka. Wa kichwa walitetea mafuta, wa mkia wakatetea nyama. Katikati ya ubishi, paka wa jirani akatuonyesha mfano wa kutoa: 1/2 kutoa 1/2. Lakini binti alikuwa ameshika shina la somo zima: vipande visipolingana, hakuna nusu. Kwa shangazi yangu kule Fizi, juu milimani, nilijaribu kwa muhogo. Mnene huku, mwembamba kule. Ugomvi ule ule.

Nikahamia kwenye pesa. Robo ya franka 10,000? "2,500!" walijibu kabla sijafunga mdomo, maana wengi wao huuza ndagala jioni. Nusu ya dola 20 je? "Sufuri," akasema kijana mmoja. "Dola ikichanika nani ataipokea?" Ni kweli. Wabadilisha pesa wetu huikataa dola yenye mchaniko mdogo pembeni, ilhali noti ya franka 500 iliyochakaa mpaka imekuwa tambara hununua nyanya bila swali.

Kazi ilikuwa kwenye kujumlisha. 1/2 na 1/3, wakaandika 2/5. Nikaweka alama ya kosa, mwenye daftari akasimama kujitetea. "Juma lililopita tulishinda mechi 1 kati ya 2. Juma hili 1 kati ya 3. Si tumeshinda 2 kati ya 5?" Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu kwa mpira hesabu yake imenyooka kabisa. Mechi ziliongezeka, lakini kwenye sehemu kitu kizima hakiongezeki, ni kile kile kimoja.

Nikaleta kopo, nikalichora mistari mpaka likawa na ngazi 6 zilizo sawa. Nusu ya kopo la unga ni ngazi 3, theluthi ni ngazi 2. Zote pamoja 5/6. "Sasa," nikamwambia, "ulikuwa na nusu kopo, ukaongeza unga, ukabaki na 2/5, yaani chini ya nusu. Imekuwaje?"

Akafikiri. "Kuna mwizi."

Tangu hapo hakuandika tena 2/5.

Kuwapa moyo, niliwasimulia mfupa wa Ishango. Mwaka 1950, kule Kivu ya Kaskazini, kando ya Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mikwaruzo iliyopangwa kwa makundi. Una umri wa miaka kama 20,000, na wataalamu kadhaa wanaona ni hesabu ya watu wa kale. Leo uko Brussels.

"Walichukua mzima au nusu?" akauliza binti wa samaki.

"Mzima."

"Hao wanajua hesabu."

Watoto hawa hawakosi akili ya sehemu. Huipoteza mlangoni pa darasa, pale robo waliyoishika kwa mkono inapogeuka kuwa namba mbili na mstari, tena kwa Kifaransa. Basi wazazi wenzangu, kabla ya Septemba, mwacheni mtoto wa la saba apime unga na agawe mafuta ya kupikia. Na akisema amepunjwa, msimfukuze. Mwambieni aonyeshe kwa kopo.