Mizani ya Milimani
Wapimaji wa marais pale Milimani, mtaa wa Nakuru wenye Ikulu yake, wana kazi ngumu kuhusu William Ruto, aliyeapishwa tarehe 13 Septemba 2022, kwa kuwa katika majuma hayo ya mwanzo mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, huku petroli ikivuliwa ruzuku, yaani fedha ambazo serikali hulipa ili bei isimlemee mnunuzi. Mkulima wa Njoro alipunguziwa shambani, akatozwa barabarani. Novemba ikaja Hazina ya Hasla, mfuko wa mikopo midogo ya simu ulioanzia shilingi 500, kiasi kisichofikisha hata lita tatu za petroli. Mkopaji, bila shaka, alitarajiwa kutembea.