Boneti Imepauka? Weka Chini Hiyo Dizeli

Tuanze na dizeli, maana najua kopo liko mkononi. Gari lililopauka hung'aa likifutwa kwa dizeli, mafuta ya taa au hata mafuta ya kupikia, na mng'ao huo hudumu mpaka mnunuzi ahesabu fedha zake. Kufikia jioni boneti imekusanya vumbi la mtaa mzima, na rangi iliyo chini imebaki vilevile. Anayekushauri hivyo mpokonye kopo, kisha mpe ndoo akachote maji.

Kilichotokea ni hiki: miale ya jua imevunjavunja utomvu unaoshika chembe za rangi. Juu umebaki ungaunga unaotawanya mwanga ovyo. Ndiyo maana paa, boneti na buti, vinavyotazamana na jua la Dar es Salaam mchana kutwa, hutangulia kupauka kabla ya milango, na magari mekundu huumia zaidi. Mng'ao haupakwi. Unafukuliwa, kwa kuondoa tabaka lililokufa.

Na tabaka hilo lina mwisho. Chukua kitambaa cheupe chenye polishi kidogo, usugue mahali pasipoonekana. Kikitoka na rangi ya gari, hiyo ni rangi ya tabaka moja, ya magari ya zamani. Kikibaki cheupe, juu ya rangi kuna klia, tabaka angavu la kuilinda, ambalo kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, yaani kama nusu ya unene wa karatasi. Sasa mfikirie fundi anayekuja na msasa mkavu na grenda ya kukatia vyuma! Grenda huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Itaiunguza klia kabla hujamaliza kumsalimia. Mfukuze.

Osha gari kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwa shampuu ya magari. Sabuni ya unga iachie mashuka. Tumia ndoo mbili, moja ya povu, nyingine ya kusuuzia kitambaa, la sivyo utakuwa unausambaza mchanga kwa bidii. Kisha pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi juu ya bodi yenye maji ya shampuu. Udongo huo ukidondoka chini, utupe, hata kama roho inauma.

Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo na plastiki, kwa sababu kwenye kingo rangi ni nyembamba zaidi. Anza na polishi laini. Ikishindwa, ndipo upande kwenye rabingi, yaani dawa kali ya kukwangulia, sehemu ndogo ndogo, kisha urudi kwenye polishi kuondoa mikwaruzo ya rabingi yenyewe. Wengi huanzia kwenye rabingi kali kwa haraka ya kuona matokeo, na hapo ndipo magari mazuri huharibiwa.

Malizia kwa nta. Karnauba, itokanayo na majani ya mti wa jamii ya minazi wa Brazil, inafaa sana, lakini jua letu huimaliza ndani ya miezi michache, basi irudie.

Ikiwa klia imeshaanza kubanduka kwa mabaka meupe, funga chupa ya polishi. Hapo hakuna cha kusugua. Mtafute fundi rangi, apige msasa na kupulizia upya.