Kila Kanuni Ina Baba Yake

Autilaini ya kozi ninayofundisha ilianza ikiwa ukurasa mmoja: mada, vitabu, tarehe za majaribio, basi. Siku hizi ina kurasa sita, na nne kati ya hizo ni "Wajibu na Mwenendo wa Mwanafunzi". Msidhani napenda kuandika. Kila kanuni mle ndani ina baba yake, na baba mwenyewe alikaa safu ya nyuma.

Somo lenyewe ni DS, taaluma za maendeleo, ambalo vyuo vyetu vingi humlazimisha mwanafunzi kulisoma awe wa uhandisi au wa muziki. Yaani nina ukumbi wa mamia ya watu, kipaza sauti kinachokoroma, na hakuna hata mmoja aliyeniomba nije.

Tuanze na mahudhurio. Asiyefikisha asilimia 75 ya vipindi haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho, kwa hiyo natembeza karatasi ya kusaini. Watu huondoka, sahihi hubaki. Karatasi hurudi mezani na majina mengi kuliko viti, na nusu ya majina hayo yameandikwa na mkono mmoja wenye bidii sana. Kuna kijana alisainiwa hata wiki aliyokuwa amelazwa Mwanza, na barua ya daktari ninayo mimi. Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni isemayo: "Mwanafunzi atajisainia mwenyewe." Mtu mzima, mpiga kura, anaandikiwa hivyo!

Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, ukumbini kweupe, kwa kuwa watu wako mjini. Bumu likichelewa, kweupe vilevile, kwa kuwa hawana nauli. Sijui Bodi ya Mikopo itoe kiasi gani ili mtu afike kipindi cha saa moja asubuhi.

Halafu kuna kazi ya kundi. Majina kumi kwenye jalada, mmoja ndiye aliyeandika. Ukiwauliza hao wengine walifanya nini, utaelezwa bila haya: huyu alitoa hela ya kuprinti, yule ana flashi, mwingine alikuwa anawakumbusha wenzake. Siku ya kuwasilisha, mwenye flashi anageuka kusoma ukutani, na unaona usoni kwake kwamba yeye na mada ndio kwanza wanakutana. Nikaandika kanuni: kila mmoja ataulizwa swali lake. Kundi lililofuata likamleta mwandishi, na wengine wote wakawa wamepoteza sauti kwa mafua.

Kazi za mtu mmoja mmoja nazo zina mama yao, na mama huyo anakaa steshenari. Pale unanunua kazi ya mwaka juzi, unabadilisha jina la juu, unaleta. Jina la juu tu. Kule chini ya kila ukurasa bado anang'ara mwenye kazi yake, ambaye alishahitimu na sasa ni ofisa tarafa.

Na barua pepe? "Sir matokeo yangu siyaoni." Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna namba ya usajili. Huyo asiyeyaona ni nani? Nami simwoni! Kanuni ikaandikwa.

Mwenzangu mmoja ofisini hupenda kusema wanafunzi wa zamani walikuwa na nidhamu. Mimi humkumbusha mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, walipoandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwarudisha nyumbani kwa mamia, na papo hapo akajikata mshahara wake kwa asilimia 20. Wale angalau waligombana na taifa zima. Hawa wangu wanagombana na kipindi cha saa moja. Hata hivyo sipendekezi hatua zile zirudiwe, hasa ile ya mshahara.

Muhula huu nilichoka. Nikatangaza kwamba kurasa nne za mwenendo zitatoka kwenye jaribio, alama tano zikihesabika katika zile 40 za kazi na majaribio ya muhula. Lo! Autilaini ambayo watu walikuwa wakiikalia kwenye vimbweta ili wasichafue suruali ikaanza kutafutwa. Jioni ile ile desa lake, yaani majibu ya kukariri, lilikuwa limeshasambaa kwenye magurupu ya WhatsApp.

Swali langu lilikuwa rahisi: "Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini ni kosa kunakili kazi ya mwenzako." Nikaanza kusahihisha. Safu nzima, jibu moja. Koma zilezile. Wote waliandika "wizi wa kitalamu", herufi moja ikiwa imeanguka mahali palepale.

Nikawaita. Wakaja na msemaji wao, kijana mpole, shikamoo yake imenyooka.

"Dokta, hatukuibiana. Kila mtu alikariri mwenyewe, ila desa lilikuwa moja."

Nikazipekua kurasa zangu nne, mbele na nyuma. Hakuna kanuni waliyovunja.