Hongera kwa Kupunguza Makaratasi
Barua ya wazi kwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Jamhuri ya Msumbiji, Maputo

Mheshimiwa,

Kwa sisi wa Palma, huku mwisho wa nchi, Tanzania ni jirani kuliko Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, na Maputo tunaisikia tu. Ndiyo maana tunakuandikia hadharani, tena kwa Kiswahili. Kwa Kireno umeshaandikiwa na watu wenye elimu zao, mashirika kama MISA Moçambique, Amnesty na mengineyo, na jibu la kueleweka hatujaliona. Tukasema labda tatizo ni lugha.

Barua hii haina lalamiko. Malalamiko unayo ya kutosha, na tunaamini yamepangwa vizuri kabatini. Tunakuletea pongezi. Katika nchi ambayo raia akitaka hati ya kuzaliwa hupigwa danadana dirisha hadi dirisha, kuna eneo moja ambalo urasimu umekwisha kabisa: kuwashughulikia waandishi wa habari wa mkoa wetu wa Cabo Delgado.

Tukumbushane tulikotoka. Tarehe 5 Januari 2019, Amade Abubacar wa redio na televisheni ya jamii ya Nacedje alikamatwa Macomia akizungumza na watu waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita. Alikuwa akiwauliza mmetoka wapi, mmeona nini. Jamani, kumkamata mtu kulikuwa na kazi siku zile! Alipelekwa kambi ya jeshi Mueda, baadaye akateremshwa Pemba. Mawakili wakaanza kuuliza maswali. Shtaka likabidi litafutwe, na aliyetafuta akapata: kuchochea umma kwa njia za kielektroniki. Februari akafuata mwenzake wa redio hiyohiyo, Germano Adriano, na jalada likazidi kunenepa. Wote wawili wakaachiwa kwa muda tarehe 23 Aprili. Kwa Amade hizo ni zaidi ya siku 100 za mihuri, saini, barua za kutoka nje na walinzi wa zamu. Na baada ya gharama zote hizo, mtu akatoka akiwa hai na ulimi wake mdomoni. Ni hasara tupu.

Tazama sasa mambo yalivyorahisishwa.

Tarehe 7 Aprili 2020 ilikuwa sikukuu, Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Jioni yake Ibraimo Abú Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma, alitoka kazini kurudi nyumbani kwa pikipiki. Njiani alimtumia mwenzake ujumbe mfupi kwamba amezungukwa na wanajeshi. Nyumbani hakufika. Hakuna hati ya kukamata iliyoandikwa, hakuna hakimu aliyekatizwa usingizi, hakuna wakili aliyesumbua mtu mlangoni kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kugonga. Siku nne baadaye, 11 Aprili, taifa lilifika kwenye Siku ya Mwandishi wa Habari wa Msumbiji, na kalenda ikapita kama kawaida.

Tusieleweke vibaya. Hatumshutumu askari yeyote. Hakuna kikosi kilichokiri kuwa naye, na sisi ni raia watiifu, tukiambiwa hapana tunaitikia hapana. Huenda waliomzunguka walikuwa wakimwuliza njia ya kwenda ufukweni. Huenda walitaka kumwomba wimbo kwenye kipindi cha salamu. Kinachotutatiza ni hesabu ndogo tu: Palma ni mji mdogo, na mwaka ule ulikuwa na wanajeshi wa serikali kwa sababu ya mradi wa gesi. Askari wana makamanda, makamanda wana orodha za zamu. Hata mchoma mishikaki wa barazani angejua pa kuanzia kuuliza.

Uwezo wa kutafuta, serikali inao, hilo hatuna shaka nalo. Gesi yetu iligunduliwa mwaka 2010, baharini mbele ya pwani hii, mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 1,000, na mwamba bado. Wataalamu waliiona humo gizani, wakaipima, wakaandikiana mikataba, na mwaka 2019 ukaidhinishwa mradi wa Afungi wa dola bilioni 20. Afungi iko wilaya hiihii ya Palma. Sasa, Mheshimiwa, kitu kisicho na rangi, kilicho chini ya bahari na chini ya mwamba, kimepatikana. Mtu mzima mwenye pikipiki, katika barabara ya nchi kavu, ameshindikana.

Kuna na hili la simu. Serikali ilitulazimisha kusajili laini zetu, kila mtu na kitambulisho chake, na tulielezwa kuwa ni kwa usalama wetu. Tukasajili. Ujumbe wa Ibraimo ulitoka kwenye namba, saa fulani, ukapita kwenye mnara fulani. Hayo yote kampuni ya simu huyaweka, na mwendesha mashtaka akiyataka hupewa. Kwa hiyo pengine ofisi yako iliyapata zamani na inasubiri kutushtukiza kwa furaha.

Wewe uliye mbali huenda hujui redio ya jamii ni kitu gani huku. Hutangaza msiba wa kijiji cha pili ili watu wawahi maziko. Hutangaza siku ya chanjo, kitambulisho kilichookotwa sokoni, mbuzi aliyepotea na alama yake ya sikio. Watu wanasikia, wanamfunga mbuzi, wanamrudisha. Mtangazaji mwenyewe alipopotea, kila mwenye kipaza sauti alijiuliza kama akimtaja atakuwa wa pili. Hapo ndipo mbinu hii inapozidi jela kwa mbali: aliyefungwa hunyamazishwa peke yake, aliyetoweka hunyamaza na ofisi nzima.

Na kunyamaza kumetufaa sana, kama unavyojua. Vita hivi vya mkoa wetu vilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, tuliambiwa ni wahalifu tu, jambo dogo. Waliokwenda kuangalia udogo wake walikamatwa, akiwemo mwandishi Estácio Valoi, Desemba 2018, na vifaa vyake vikachukuliwa. Mficha maradhi kifo humuumbua: Agosti 2020 mji wote wa Mocímboa ukaingia mikononi mwa wale wahalifu tu, wakakaa nao karibu mwaka mzima, hadi Wanyarwanda walipokuja kusaidia kuuchukua. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Mawasiliano ya simu yalikatika, watu wakakimbilia porini, mikokoni na lango la Afungi, kila mmoja akifuata uvumi wake. Siku ile tulihitaji mtu anayejua njia zetu, anayesema lugha zetu, aliyezoeleka sauti yake. Tulikuwa naye mmoja, mwaka uliotangulia.

Jirani zetu wa kaskazini nao walijaribu utaratibu huu. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi, alitoweka Kibiti Novemba 2017 baada ya kuandika habari za mauaji ya kule Pwani. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje, Palamagamba Kabudi, akasema kwenye BBC kuwa alitoweka na kufariki, kisha akasema hakueleweka. Wenzetu angalau wana waziri aliyeteleza ulimi. Huku kwetu ndimi zimekauka kabisa, na kwa hilo mnastahili nishani.

Tena maarifa yamesambaa. Arlindo Chissale, mhariri wa Pinnacle News, ndiye anayeweza kulinganisha mifumo yote miwili, kama angekuwepo kuulizwa. Mwaka 2022 alikamatwa Balama kwa mtindo wa kizamani, wenye maelezo na mahojiano, akaachiwa baada ya siku kadhaa. Tarehe 7 Januari 2025, nchi ikiwa bado inachemka kwa matokeo ya uchaguzi, alikuwa safarini kutoka Pemba kwenda Nacala. Alipofika Silva Macua, wilaya ya Ancuabe, akatoweka. Mtindo mpya haukuhitaji hata mahojiano.

Mwishoni mwa 2025 kampuni ya gesi, TotalEnergies, ilitangaza kuwa hali inaruhusu kurudi kazini Afungi. Tunafurahi kwa niaba ya gesi. Kampuni hiyo ilisimamisha mradi mwaka 2021 kwa kukosa usalama, ikangoja hadi iridhike, na serikali ikaivumilia kwa upole na vikao vingi. Sisi tunaomba sehemu ndogo tu ya upole huo kwa ndugu wa Ibraimo na wenzake kazini, ambao hawajawahi kuitwa kwenye kikao cha bilioni yoyote.

Katiba yetu, kifungu cha 48, inampa raia haki ya kusema na haki ya kupata habari. Tangu mwaka 2014 kuna pia sheria inayoziamuru ofisi za umma zijibu zinapoulizwa. Basi tunauliza, na hapa, Mheshimiwa, utani tumeuweka kando. Jalada la Ibraimo Abú Mbaruco lina namba gani? Kampuni ya simu iliombwa kumbukumbu za jioni ya 7 Aprili 2020, na ni nani aliyezisoma? Kikosi gani kilikuwa barabarani Palma saa hiyo, na kamanda wake aliandika maelezo wapi? Jalada la Arlindo Chissale liko kwa nani? Majibu yapelekwe kwa familia zao, kwa maandishi, yakiwa na saini na muhuri. Makaratasi ya aina hiyo tunayataka.

Ni sisi wasikilizaji wa redio,
Palma, Cabo Delgado