Mhadhara wa Bingwa wa Kubandika Mbwa Majina

Bingwa wa elimu ya majina ya mbwa, mwenye shahada aliyojitunuku mwenyewe chini ya mwembe, anakohoa mara tatu, anapangusa miwani, kisha anaanza kwa kuwasikitikia wote waliowaita mbwa wao Simba au Popi bila kumshauri. Mada ya leo ni jina la utani: la kizamani, lenye kuchekesha.

Nguzo ya kwanza ni ufupi. Anamtaja Xenophon, Mgiriki wa kale, ambaye katika kitabu chake cha uwindaji alihimiza mbwa wapewe majina mafupi, yaliyo rahisi kuita, kisha akaorodhesha 47. Bingwa anaitamka "arobaini na saba" polepole, kama anayehesabu pesa zake. Kiswahili nacho kina bahati yake: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo jina huvutika vizuri likiitwa magharibi. Anaonyesha: "Thumuuuni!" Thumuni, ile sarafu ya senti 50, linamfaa kijibwa ambaye thamani yake anaijua mwenyewe tu.

Nguzo ya pili ni ukale wenye sababu. Mbwa aliyejaa manyoya kuanzia magoti kushuka chini ni Bugaluu, kama zile suruali za miaka ya 1970. Mwenye miguu mifupi ni Raizoni, kama vile viatu vya soli nene, angalau jina limwongezee kimo. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyewahi kuvaa vyote viwili siku moja na kuporomoka navyo ngazini, anatikisa kichwa kwa uchungu.

Na aliyekwisha kumwita mbwa wake Simba? Asihangaike, amrudishe tu nyuma. Klabu ya Simba ilikuwa Sunderland hadi 1971, basi na mbwa awe Sunderland. Wafugaji walio mashabiki wa Yanga wataonana na Bingwa faragha, kwa ada.

Nguzo ya tatu ni tabia. Nipper, mbwa wa Bristol, alipata jina kwa kung'ata miguu ya wageni. Francis Barraud akamchora akisikiliza gramafoni, na picha hiyo ikawa nembo ya HMV, kampuni ya santuri iliyomrekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Kwa hiyo, Bingwa anaguta huku akipiga meza, mbwa anayesikia kila neno na asitii hata moja aitwe Santuri!

Makofi. Kijana mmoja ananyosha mkono: mbwa wa Bingwa mwenyewe anaitwaje?

Bingwa anaivuta suti yake. Anageukia uani na kuita kwa madaha: "Mheshimiwa Bwana Shauri Mkuu wa Wilaya, Mstaafu!" Anapofika kwenye "Wilaya", mbwa ameshamaliza sambusa za wageni na anaramba sinia.