Mheshimiwa Wastani, Mtenda Haki

Kwa heshima na taadhima nasimama kumsifu Mheshimiwa Wastani, anayekaa ndani ya hifadhidata yetu ya PostgreSQL na kuamua kila swali lipite njia gani.

Ni mtulivu: hashughulikii takwimu mpya mpaka takriban sehemu ya kumi ya jedwali ibadilike. Si mlafi: jedwali la mamilioni ya mistari hulionja kwa mistari 30,000, akashiba. Lakini sifa yake kuu ni haki. Jedwali letu lina safuwima ya mahali. Kasulu kuna Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakafurika humo hadi Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Nyarugusu imewahi kuhesabu watu zaidi ya laki moja. Kuna pia kitongoji cha kaya chache, milimani. Swali lililoandaliwa likirudiwa, mara tano za mwanzo Mheshimiwa huuliza: mnatafuta wa wapi? Kuanzia ya sita, akiona gharama za kujali mahali na za kutojali hazipishani sana, husema mahali ni mahali. Hugawa mistari yote kwa idadi ya majina ya mahali, kila jina likapata fungu sawa. Nani kama yeye? Kitongoji kimepandishwa cheo, Nyarugusu imefundishwa unyenyekevu! Kisha huifuata Nyarugusu kwa faharasa, mstari baada ya mstari, kama mtu anayehamisha gunia la maharage punje kwa punje. Chai inapoa, jenereta inazimwa, jibu halijaja.

Jamani, dawa ipo! Weka plan_cache_mode iwe force_custom_plan, pandisha kiwango cha takwimu cha safuwima ya mahali kutoka 100, kisha endesha ANALYZE. Ni dakika chache, na haigharimu hata shilingi. Nimeandika dokezo. Kikao kimekaa, posho zimelipwa, na imeazimiwa inunuliwe seva kubwa zaidi.

Nilidhani tabia hizi Mheshimiwa alizitoa Berkeley, Marekani, ilikozaliwa Postgres. Kumbe angeweza kusomea ofisini kwetu. Kila kituo kimepewa karani mmoja, printa moja na katoni moja ya karatasi, bila upendeleo. Huku akina mama wanapanga foleni tangu alfajiri na watoto mgongoni. Kule karani anasinzia juu ya katoni ambayo haijafunguliwa. Ripoti ya robo mwaka imeshapelekwa juu: muda wa kusubiri, kwa wastani, unaridhisha.